Kura ya Sitini na Moja

Mimi sikuandika hata mstari mmoja.
Mimi nilizungusha mkono wa mashine.
Hilo lijulikane kwanza, kabla ya mengine.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya maabara,
zamani stoo ya majembe ya wamishonari,
na mashine ya stensili ilikuwa na mguu mmoja mfupi
tulioutegemeza kwa kitabu cha nyimbo kilichopoteza jalada.
Ukizungusha upesi, inakohoa wino;
ukizungusha polepole, karatasi inatoka nyeupe
kama shahidi aliyefika kortini akasahau yote.
Nakala mia mbili, kila Ijumaa ya pili:
Figa la Tatu, gazeti la wanachuo,
kurasa nne, senti hamsini,
na usiye na senti, soma urudishe.

Mhariri alikuwa Kezia Vihenda, mtu wa Mbale,
aliyepiga taipureta kwa vidole viwili
kama kuku adonoaye wimbi.
Herufi h ilikatika muhula wa kwanza.
Kila haki ilitoka aki,
kisha akaichongea h yake kwa ncha ya sindano,
ulimi nje kidogo, pembeni mwa mdomo.

Juni ile aliandika habari ya maharagwe.
Hakumtukana mtu. Alihesabu tu:
sahani ya Jumatatu, wadudu kumi na mmoja;
sahani ya Jumanne, tisa, na kokoto.
Jumatano mkuu wa chuo hakuitikia salamu.

Alhamisi ni usiku wa mdahalo.
Hoja ikabandikwa mlangoni, kwa mwandiko wa mkuu mwenyewe:
Gazeti la wanafunzi lifungwe.
Na sheria yetu ilikuwa kongwe kuliko paa:
upande huuchagui. Unatia mkono kofiani.
Kofia ya Amugune ikapita.
Vihenda akatoa kijikaratasi, akakisoma,
akakikunja mara nne.
Kuunga mkono.

Mvua ya Maragoli juu ya mabati. Karabai ikivuma.
Tulidhani atalegeza,
atayapanga maneno yake yaanguke yenyewe.
Vihenda hakujua kulegeza.
Alisema: gazeti hili limehesabu wadudu wa sahani zetu,
halijawahesabu wasio na sahani ng'ambo ya ua.
Alisema: mwandishi asiyeulizwa swali
ni mkuu mwingine wa chuo, huyu ana wino.
Alisema: nionyesheni toleo moja tulipokiri kosa.
Akangoja.
Tukatazama viatu vyetu, wenye viatu.

Ogaye wa Yala, mpinzani, fundi wa lugha,
alijibu kwa methali tatu na jasho.

Sitini waliinua mikono kuunga. Sitini walipinga.
Spika akauliza kama kuna aliyesahau kupiga kura.
Mkono huu, wenye wino chini ya kucha,
ukapanda.
Msiniulize. Alisema vizuri.
Tulifunzwa kuipigia kura hoja, si rafiki,
na kwa mara moja maishani nilikuwa mwanafunzi mtiifu.

Nje, chini ya mchirizi wa paa, akaniambia:
"Umepiga sawa."
Alikuwa anacheka au analia, mvua haikuniruhusu kujua.
Halafu: "Karatasi zimebaki?"
"Nusu rimu."
"Zitatosha."

Usiku huohuo akaupiga mdahalo wote,
hoja zake bila kupunguza,
za Ogaye pia, moja akaisahihishia methali.
Mimi nikizungusha. Jogoo wa mpishi akatukuta hapo.
Chini kabisa, ukurasa wa nne, katika kisanduku:
Kosa letu. Wadudu wa Jumanne walikuwa wanane.
Wa tisa ilikuwa mbegu ya nyanya.
Kokoto ilikuwa kweli.

Mashine iliuzwa kwa kilo, sokoni Luanda.
Mimi nimestaafu; nina nakala moja, imekuwa rangi ya chai.
Kichwa cha habari kinasema OJA IMEPITA.
Sindano ilikuwepo mezani, niliiona.
Miaka arobaini nauangalia ule upungufu,
sijui kama alichoka
au aliuacha.